Jibu kwa Msomaji: Namna ya Kumwandikia Marehemu Uliyesoma Naye Shule ya Msingi

Msomaji mmoja aliyezaliwa Pangani, mkoani Tanga, na ambaye sasa anaishi Mwanza, ameniletea swali ambalo kwa ufupi ni hili. Mwezi uliopita alifariki mtu aliyesoma naye shule ya msingi, kuanzia darasa la kwanza mwaka 1978 hadi darasa la saba mwaka 1984. Msomaji alichaguliwa kuendelea na sekondari, akaondoka. Mwenzake alibaki Pangani, akawa fundi wa mashua, akaoa, akapata watoto, na huko huko akafikwa na mauti. Wenzao wa darasa walio hai wamemteua msomaji, kwa kuwa “ndiye mwenye kalamu,” aandike kumbukumbu itakayosomwa siku ya arobaini na kisha kukabidhiwa watoto. Anasema hawakuonana kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwamba mara ya mwisho waliachana wakiwa wamekosana kwa ajili ya fedha za biashara ndogo ya nazi. Kwamba hajui amtaje marehemu kwa jina la shule au kwa jina la utani ambalo mji mzima ulimjua nalo. Na kwamba angependa kuandika utenzi, ila hana uhakika na mizani yake. Anauliza: mtu wa namna hii ana haki gani ya kumwelezea marehemu, na kama anayo, aandike nini?

Ndugu yangu, pokea kwanza pole zangu. Nimehariri wasifu na taazia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na barua za watu walioombwa kuandika kama wewe zimenifikia nyingi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Haki unayo, lakini ni haki ya eneo dogo, na kumbukumbu nzuri huandikwa na mtu anayejua mipaka ya eneo lake. Mjane wa marehemu alimkuta akiwa kijana aliyekwisha kujifunza kazi. Watoto wake walimjua akiwa baba, mwenye mikono iliyokwisha kuwa migumu kwa randa na tezo. Ndugu zake walimwona nyumbani asubuhi na jioni. Saa zile za kati, tangu kengele ya kuingia hadi kengele ya kutoka, kwa miaka saba, hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo, isipokuwa labda ndugu aliyekuwa darasa la juu au la chini yake. Hizo ndizo saa zenu ninyi mliokaa naye dawati moja. Wenzako hawakukuomba umweleze mtu mzima aliyekufa mwezi uliopita, na kama ndivyo walivyodhani, usiwakubalie, kwa sababu huyo wapo wanaomjua kuliko wewe. Waandikie watoto wake juu ya mtoto ambaye hawakupata kumwona.

Ukilishika hilo, hofu yako ya kwanza inapungua sana. Kutoonana kwenu kwa miaka ishirini hakuifuti miaka saba ya darasani, wala hakukulazimishi kujifanya kwamba mlikuwa mkiwasiliana. Sema wazi, mapema kabisa, katika sentensi moja isiyo na maombolezo: kwamba ulimjua tangu 1978 hadi 1984, kwamba baada ya hapo mlionana mara chache, na kwamba utasema yale uliyoyaona. Wasikilizaji wa mji mdogo huheshimu mno ungamo la namna hiyo. Wanajua nani aliondoka lini na nani alirudi mara ngapi, na mtu anayekuja kutoka mbali akaanza kusema “rafiki yangu wa karibu hadi siku zake za mwisho” atakuwa amepoteza masikio yao kabla hajafika aya ya pili.

Sasa niseme juu ya mwanzo, maana hapo ndipo waandishi wengi wa mji kama wako hupotelea. Pangani ina historia nzito. Vitabu vinaitaja kwa bandari yake ya mlangoni mwa mto, kwa biashara ya pembe na ya watumwa katika karne ya 19, na kwa Abushiri bin Salim, aliyenyongwa na Wajerumani hapo mwezi Desemba 1889 baada ya vita vya pwani. Nimeona rasimu za kumbukumbu za watu wa Pangani, Kilwa na Bagamoyo zikianza na mambo hayo, zikatumia ukurasa mzima kabla marehemu hajazaliwa. Usifanye hivyo. Watakaokusikiliza wanaupita ule mlango wa boma kila siku, hawahitaji kuelezwa mji wao. Anza naye yeye, mahali na wakati ulipomwona kwa mara ya kwanza, hata kama ni jambo dogo kama kupangwa naye mstari mmoja kwa sababu mlilingana kimo.

Historia ya nchi itumie kwa kazi moja tu, ya kukukumbusha. Ninyi mlioanza darasa la kwanza Januari 1978 mlikuwa miongoni mwa watoto wa mwanzo kabisa kuingia baada ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ambao kwa mujibu wa Azimio la Musoma la 1974 ulitakiwa kutimia Novemba 1977. Ndiyo maana darasa lenu lilijaa, na ndiyo maana huenda mlikaa chini, au watatu na wanne dawati moja, mkafundishwa na kijana wa mpango huo ambaye mwenyewe alikuwa amemaliza darasa la saba karibuni. Vita vya Kagera vilianza mkiwa darasa la kwanza. Miaka ya kukosekana sabuni, sukari, nguo na madaftari iliwakuta katika madarasa ya kati. Redio Tanzania ilipotangaza kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine, tarehe 12 Aprili 1984, mlikuwa darasa la saba, miezi michache kabla ya mtihani. Jiulize katika kila moja ya nyakati hizo mwenzako alikuwa wapi na alikuwa akifanya nini. Alivaa nini mwaka ambao kaptula hazikupatikana? Aliandika wapi daftari lilipokwisha? Siku ya msiba ule wa kitaifa nani alirudi naye nyumbani? Majibu ndiyo utakayoyaandika. Tukio la kitaifa litaje kwa maneno matatu au manne ya kuonyesha wakati, kisha umrudie yeye.

Hali kadhalika kwa shule yenyewe. Kila aliyesoma shule ya msingi ya Tanzania miaka ile anakumbuka mchakamchaka wa alfajiri na nyimbo zake, paredi, ukaguzi wa kucha na nywele, fagio za chelewa, maji ya kubeba kichwani, shamba la shule, ngonjera za sikukuu, na bakora. Ukiyaorodhesha, watu watatikisa vichwa kwa furaha, na marehemu atakuwa ametoweka katikati ya umati. Orodha ya mambo ya wote haimkumbuki mtu yeyote. Chagua moja au mawili ambayo ndani yake yeye alifanya kitu tofauti na wengine. Kama alikuwa ndiye mwanzishaji wa nyimbo za mchakamchaka, taja wimbo ambao alipenda kuuanzisha. Kama alikuwa mtoro wa shamba la shule aliyekuwa akionekana ufukweni akiwatazama mafundi, hilo ni dhahabu kwako, kwa kuwa linawaonyesha watoto baba yao akiielekea kazi yake kabla hajajua kwamba ni kazi yake.

Nikupe mfano wa tofauti ninayoisema. Aya hii imeandikwa mara elfu: “Marehemu alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mkarimu, mpenda maendeleo na asiye na makuu, na pengo aliloliacha halitazibika.” Hakuna uongo ndani yake, lakini inaweza kusomwa juu ya kaburi lolote, na mtoto wa marehemu akiisikia hapati kitu cha kwenda nacho. Sasa soma hii, ambayo nimeibuni kwa ajili ya jibu hili: “Tulipokuwa darasa la tano kisima cha shule kilikauka, tukaamriwa kila mmoja aje na maji kutoka kwao. Nyumbani kwetu kulikuwa mbali na ndoo yangu ilikuwa inavuja, kwa hiyo nilikuwa nafika na maji nusu, nachapwa. Yeye akaanza kunisubiri kwenye kona ya msikiti. Tulibadilishana: mimi nikabeba ndoo yake nzima kwa mwendo wangu, yeye akaichukua yangu akakimbia nayo hadi shuleni kabla haijaisha. Mwalimu wa zamu hakugundua.” Neno ukarimu halimo mle, na hakuna atakayeuliza kama marehemu alikuwa mkarimu.

Hadithi za namna hiyo hazikai juu juu. Inabidi uzitafute, na namna ya kuzitafuta ina adabu yake. Mmeunda kundi la simu la wanadarasa, na nadhani umekwisha kufikiria kuwauliza wote kwa pamoja. Nakushauri usianze hivyo. Katika kundi, wa kwanza kusimulia huwapangia wengine kumbukumbu zao: akisema marehemu alikuwa golikipa, ndani ya saa moja watu saba watakumbuka alivyodaka penalti. Wapigie mmoja mmoja, uliza swali lile lile, nyamaza, sikiliza, andika. Wawili wasiozungumza pamoja wakikueleza jambo moja, una msingi wa kulisimamia. Wakitofautiana juu ya mwaka au mahali, acha mwaka na mahali, ubaki na tendo. Na usisahau kuwapigia wanawake mliosoma nao. Katika madarasa mengi ya wakati ule wavulana walikaa upande wao na wasichana upande wao, na wasichana waliwaona wavulana kwa jicho ambalo ninyi wenyewe hamkuwa nalo. Mara nyingi mimi nimepata kwao jambo moja lililofaa kuliko yote niliyoelezwa na wanaume.

Kuna pia rejista ya shule. Shule za msingi huandikisha wanafunzi katika daftari kubwa, na mwalimu mkuu akiombwa kwa heshima, ikiwezekana na ndugu wa marehemu, anaweza kukuthibitishia mwaka wa kuingia. Tarehe ya kuzaliwa utakayoiona humo usiichukue kuwa neno la mwisho. Watoto wengi wa miaka ile hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, na siku iliyoandikwa ilikadiriwa na mzazi au na mwalimu mwenyewe. Mwaka wa kuzaliwa utoke kwa familia, na familia ikisema haina hakika, uache.

Hapo hapo penye rejista pana jambo la kukutahadharisha. Unajua, kama nijuavyo mimi, kwamba wapo waliorudia darasa la saba kwa jina la mtoto mwingine aliyeacha shule, na jina hilo likawafuata katika vyeti na kazini. Sijui kama mwenzako alikuwa mmoja wao, wala usiniambie. Kama alikuwa, kisa hicho, hata kikichekesha namna gani, hakimo katika kumbukumbu yako. Familia iko katika kipindi cha kufuatilia cheti cha kifo na kufungua mirathi, na tofauti ya majina ni jambo ambalo huwahangaisha warithi mbele ya mahakama na benki. Usiliandike katika karatasi itakayosomwa hadharani na kupigwa picha kwa simu.

Jina la utani ni suala jepesi zaidi kuliko unavyodhani. Katika mji mdogo lile ndilo jina lenyewe, na ukisoma jina la shule peke yake, nusu ya wazee waliokaa barazani wataulizana ni nani huyo. Kipimo changu ni kuuliza kama mkewe alilitumia. Ikiwa alimwita hivyo nyumbani, au aliitikia alipoletewa ujumbe kwa jina hilo, litaje mara moja, mwanzoni, kisha endelea na jina lake la heshima. Ikiwa jina lilitokana na kilema, na umaskini wa kwao au na aibu ya siku moja, liache hata kama mwenyewe alikwisha kulizoea. Mtu huzoea mambo mengi asiyoyapenda.

Pamoja na jina huja kicheko, na hapa nataka kukuondolea woga. Misiba yetu haikatazi kicheko. Kinachoangaliwa ni nani amepewa ruhusa. Unajua watani wanavyofanya: mtani huigiza mwendo wa marehemu na sauti yake, huzuia jeneza lisipite hadi alipwe chochote, na wafiwa humvumilia, hata humcheka katikati ya machozi, kwa kuwa ana haki hiyo kwa ukoo au kwa kabila. Mtu uliyesoma naye si mtani kwa maana hiyo, kwa hiyo usiigize. Lakini kicheko kinachotokana na kisa cha utoto, ambacho ndani yake wewe mwenyewe umechekesha kama yeye au kumzidi, huwa hakimkwazi mtu. Mfanye marehemu awe mwerevu na wewe uwe mjinga wa kisa, na mambo yatakwenda salama.

Nimefika penye sehemu ambayo naona ndiyo iliyokutia hofu kuliko zote, ingawa uliiandika kwa sentensi moja: wewe ulichaguliwa, yeye hakuchaguliwa. Miaka ile nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, na shule nzima ingeweza kutoa wanafunzi wawili au watatu, pengine asitoke hata mmoja. Aliyekwenda alikwenda mbali, bweni, akarudi likizo na maneno mapya. Tangu hapo, katika masimulizi ya waliochaguliwa, waliobaki hugeuka kuwa watu wa huzuni: “alikuwa na akili kutuzidi sote, lakini bahati haikuwa yake.” Naelewa nia njema iliyomo katika sentensi hiyo, na bado nakusihi usiiandike. Ukiisoma mbele ya watoto wake utakuwa umewaambia kwamba maisha waliyolelewa nayo yalikuwa mabaki ya maisha mengine yaliyoshindikana. Wao walikula kwa mashua zile. Sema tu kwamba wewe ulikwenda shule, na yeye akaenda kwa fundi kujifunza kazi. Vitenzi viwili vilivyo sawa kwa uzito, bila “lakini” katikati.

Kisha uiheshimu kazi hiyo kwa kuijua. Hukumwona akiwa fundi, kwa hiyo tafuta fundi mwenziwe, akueleze kwa maneno ya kazi yao. Muulize marehemu alikuwa hodari wa nini: kulaza mkuku, yaani uti wa chini wa mashua, kupanga mataruma, yaani mbavu zake, au kutia kalafati ya kuziba nyufa za mbao? Vijana wangapi walijifunza mkononi mwake? Muulize pia ni mashua ipi, kati ya zilizo majini leo, aliyoijenga yeye. Fundi wa mashua huacha kazi inayoonekana kila asubuhi, na watu wa pale wanaijua mashua kwa jina na kwa mwenyewe. Ukiitaja, itaje kama uliyoelezwa: “wenzake wa kazi wananiambia.” Hiyo ni sehemu ndogo ya maandishi yako, aya moja, kwa sababu si eneo lako, ila bila hiyo watoto watahisi kwamba umemwacha baba yao akiwa na umri wa miaka kumi na minne.

Juu ya ugomvi wenu nitakuwa mkali kidogo. Kumbukumbu ya marehemu si mahali pa kuituliza nafsi yako. Nimesoma maandishi ambayo mwandishi anaomba msamaha kwa marehemu hadharani, kwa ufasaha mkubwa, na kila mara huishia watu wakimzungumza mwandishi, wakiulizana kulikuwa na nini. Unasema tatizo lilikuwa fedha. Basi hilo lina njia yake, nawe kama Mwislamu unaijua: mazishini, msemaji wa familia hutangaza kwamba anayemdai marehemu au anayedaiwa naye ajitokeze kwa warithi, na Kurani, katika sura ya An-Nisaa, inaweka urithi baada ya wasia na kulipa deni. Kama zipo fedha zake mikononi mwako, zipeleke kwa warithi kabla ya arobaini, kimya, mbele ya shahidi mmoja. Kama unaona wewe ndiye unayedai, samehe au zungumza na msimamizi wa mirathi, na kwa vyovyote usiache hata kivuli cha neno katika maandishi. Ukilimaliza hilo kwanza, utashangaa jinsi kalamu itakavyokuwa nyepesi, kwa kuwa nusu ya kigugumizi ulichonacho, kwa ninavyokisoma katika barua yako, ni deni na wala si uandishi.

Hilo halina maana kwamba umpake mafuta. Bukhari amepokea kutoka kwa Bibi Aisha katazo la Mtume la kuwatukana wafu, kwamba wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza, na Wakristo nao wanayo adabu yao iliyo karibu na hiyo. Kujizuia na mabaya hakukuamuru kubuni mema. Kama alikuwa mkaidi, mwepesi wa hasira, mgumu wa kusamehe, una ruhusa ya kunyamaza, na una ruhusa pia ya kuonyesha ukaidi huo mahali ulipofaa, mathalani alipokataa kumtaja mwenzake aliyevunja kioo cha darasa ingawa alichapwa yeye. Watakaokusikiliza walimjua. Ukisema alikuwa mpole, wataguna. Ukiwaonyesha ukaidi wake ukimlinda mtu, watasema huyu kweli alisoma naye.

Chanzo cha kifo usikiguse kuliko familia ilivyokitangaza. Hata maneno yanayoonekana hayana kitu, kama “ghafla” au “baada ya kuugua kwa muda mrefu,” katika mji mdogo husomwa kwa tafsiri, na tafsiri hiyo itabaki na wale watoto shuleni na sokoni. Wewe unaandika juu ya miaka saba ambayo ndani yake alikuwa mzima. Hapana haja ya kufika hospitali.

Kuhusu utenzi, umenieleza kwamba huna uhakika na mizani. Basi umejijibu. Tanga ni nchi ya washairi. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, jirani na mji wa Tanga, mwaka 1909, na Pangani yenyewe ni mmoja wa miji aliyotumikia akiwa karani wa forodha. Huko kwenu beti zenye vina vilivyochechemea hugunduliwa na bibi aliyekaa uani. Kama mjini yupo malenga anayemjua marehemu, mpe visa viwili ulivyokusanya, atunge yeye beti chache, na wewe ubaki na nathari. Na ukitaka kujua namna nathari inavyoweza kumheshimu mtu wa asili ya kawaida, Shaaban Robert huyo huyo aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, na hakuuficha ukweli kwamba kabla ya umaarufu alikuwa akifinyanga na kuchuuza vyungu.

Sasa mambo ya utaratibu, ambayo nitayapitia kwa haraka. Iulize familia kwanza kama arobaini itakuwapo. Waislamu wengi wa pwani wanaishika, wengine wanaiona haina msingi katika dini, na si kazi yako wewe mgeni wa Mwanza kuamua. Kama ipo, uliza kama baada ya kisomo pana nafasi ya mtu kusoma maandishi, na ni nani atakayekupa nafasi hiyo. Ikiwa hapana, andika hivyo hivyo na ukabidhi karatasi, hakuna kilichopotea. Kumbuka pia kwamba mjane bado atakuwa ndani ya eda, ambayo ni miezi minne na siku kumi, kwa hiyo usipange kwenda kumhoji ana kwa ana. Maswali yako yapitie kwa shemeji yake au kwa binti, na yawe machache. Vijana wa kundi lenu wakikutumia picha za maiti au za jeneza, usiziunganishe na maandishi wala usizisambaze. Kama imepatikana picha ya darasa, ambayo kwa shule za wakati ule ni bahati kubwa, hiyo ndiyo ya kutafuta, na majina ya waliomo yaandikwe nyuma maadamu wapo wanaoyakumbuka.

Ya kusoma iwe fupi. Kurasa mbili za mkono, zikisomwa taratibu, zinachukua kama dakika tano, na watu waliokaa juu ya mikeka tangu alasiri hawana zaidi ya hizo za kukupa. Lakini hayo uliyoyakusanya kwa simu yatazidi kurasa mbili, na usiyatupe. Yaandike yote katika nakala ya pili, kwa urefu unaotaka, na majina ya waliokusimulia kama wameridhia, na hiyo iwe ya watoto. Mtoto wa miaka kumi hataisoma mwaka huu. Ataitafuta atakapokuwa na umri aliokuwa nao baba yake alipomaliza darasa la saba, au atakapopata mtoto wake mwenyewe, na wakati huo huenda wewe na wenzako wote mtakuwa hampo wa kuulizwa. Kwa hiyo tumia karatasi nzuri na wino, usitegemee simu peke yake, weka tarehe, na utie jina lako kamili pamoja na miaka mliyosoma pamoja, ili msomaji wa baadaye ajue maneno haya yametoka kwa nani na alikuwa wapi alipoyaona.

Mwisho wa maandishi ya kusoma uwe ni mara ya mwisho ulipomwona mkiwa na amani. Kama ni siku ya kupokea matokeo, au siku uliyopanda basi la Tanga na sanduku lako la bweni naye akakusindikiza, eleza ilivyokuwa, kisha kaa chini. Dua itaombwa na mwenye nafasi yake. Usiongeze “lala salama,” wala kumsemesha marehemu, wala shukrani kwa kamati.

Na kabla ya kulituma lolote katika kundi la wanadarasa, hata rasimu, mpelekee kaka wa marehemu au yeyote anayeisemea familia. Akikuambia ondoa aya fulani, iondoe bila kuuliza sababu.